Dirisha la Wazee

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa saba, siku walipokata utepe kwenye dirisha la wazee. Ukimuuliza binti yangu atakuambia yaliharibika siku mama yake alipokufa. Hajui. Siku ile mambo yalikuwa yameshaoza, yalikuwa yanadondoka tu.

Nilikuwepo. Hospitali yetu ina ghorofa mbili, imepakwa rangi ya kahawia mpaka kiunoni ili uchafu wa migongo yetu usionekane, na kwenda juu ni nyeupe. Katika ukumbi wa wagonjwa, kati ya chumba cha daktari na chumba cha dawa, walikuwa wametoboa ukuta, wakaweka dirisha lenye nondo, wakazipaka nondo rangi mpya, wakafunga utepe. Daktari mkuu akapewa kipaza sauti. Ni mtu mfupi, viatu vyake vinang'aa kuliko sakafu, na ana tabia ya kuongea akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi. Alisema wazee ni hazina. Alisema ni aibu mtu aliyejenga nchi hii akae foleni moja na vijana waliopasuana chupa baa. Kuanzia leo, alisema, kila aliyetimiza miaka sitini hapangi foleni. Anakwenda moja kwa moja dirishani, anaeleza shida yake, anapewa dawa, anarudi nyumbani kupumzika.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mtu akikuletea kitu akakiita heshima, unakipokea kwa mikono miwili, huanzi kukipekuapekua mbele yake. Wengine walitokwa na machozi. Kinyozi mmoja mstaafu, tunamwita Kipara, alisema sasa hata kufa atakufa kwa raha. Tukacheka. Katika kucheka kote kule hakuna aliyeuliza nyuma ya dirisha atakaa nani.

Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha darasa la nne baba alipofariki, nikarithi nyundo yake. Kazi naifanyia barazani kwangu. Vile vimisumari vya kubania kitambaa naviweka mdomoni, navitoa kimoja kimoja kwa ulimi, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Misumari. Mke wangu alikuwa akisema ndiyo maana pia maneno yangu yanachoma.

Yeye alikuwa mpishi wa shule ya bweni iliyo chini ya kilima, ng'ambo ya barabara. Vizazi na vizazi vya wanafunzi wamemwita Bi Mwiko. Watu wazima wenye ndevu na vyeo walikuwa wanamsimamisha njiani, shikamoo Bi Mwiko, na yeye anawajibu, marahaba, wewe si ndiye uliyekuwa unaficha nyama chini ya maharage? Alitania kila kitu na kila mtu. Kitu kimoja tu hakukitania, miaka yake. Alikaa hamsini na saba kwa muda mrefu mno. Binti yetu wa kwanza alikuwa anamkaribia. Nilimwambia, mama, ukiendelea hivi nitashtakiwa kwa kuoa mtoto. Akaniambia nifunge mdomo nisije nikameza misumari.

Maumivu yalimwanza miezi michache baada ya lile dirisha. Alirudi kutoka kazini jioni moja anatembea polepole, mkono kifuani. Akasema alipokuwa anateremsha sufuria la maharage jikoni, kitu kilimbana hapa katikati, kama mtu amemfunga kitambaa akakikaza kwa goti. Kikapanda mpaka kwenye taya, akadhani ni jino. Akageuza ndoo, akaikalia, kikamwachia. Kesho yake alibeba maji, kikaja tena. Akakaa, kikaondoka. Wiki hiyohiyo kikamkamata kwenye kilima cha kuja nyumbani. Akasimama kwenye kibanda cha fundi cherehani, akajifanya anachagua gauni mpaka kikapita. Fundi cherehani akamwambia gauni lile litampendeza. Hilo alinisimulia huku anacheka.

Sasa hivi najua maana yake, maumivu yanayokuja ukibeba mzigo na kuondoka ukikaa. Najua kwa kuwa nimeambiwa. Wakati ule sikujua, na haikuwa kazi yangu kujua. Kazi yangu ni sponji na kitambaa. Kuna watu tumewasomesha kwa jasho letu, wakajengewa nyumba zenye geti, kazi yao ni hiyo.

Basi nyumbani kwangu kikafunguliwa chuo cha udaktari. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, dereva wa lori, alisema ni moshi wa jikoni umejaa kifuani. Jirani wa upande wa kulia alisema gesi, yeye mwenyewe ilimsumbua akaacha maharage ikaisha. Binti yangu alisema ni presha ya mawazo, mama anafikiria sana. Mimi nilisema ni uzito wa masufuria, aache kazi. Kila mtu alikuwa daktari isipokuwa daktari.

Kwenda hospitali alikataa. Foleni ile inaanza alfajiri na kuisha jua likiwa upande wa pili, na watoto mia kadhaa watapikiwa na nani? Ndipo alipolikumbuka dirisha. Akachukua kitambulisho chake, akavaa vizuri, akaenda. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake tangu kwenye kona. Akanisimulia kwamba pale mbele za watu ameulizwa umri, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe ametamka kweli, kwa sauti, sitini na moja. Akasema ukweli nao una faida zake, maana ameingia na kutoka kabla kiti hakijapata joto. Amehudumiwa kama waziri.

Nyuma ya dirisha alikuwepo mama mmoja wa makamo, mashavu manene, anavaa sweta hata jua likiwaka. Watu wanamwita Dada Sweta. Ana maneno matamu kama asali. Alimuuliza mke wangu nini kinamsumbua, akaambiwa kifua. Akauliza kinawaka? Akaambiwa hapana, kinabana. Akauliza kazi yake, akaambiwa mpishi. Ah, akasema, mama yangu, wapishi wote mnaonjaonja, hiyo ni gesi. Akampa chupa ya ile dawa nyeupe ya maji na vidonge vya maumivu. Akamwombea afya njema.

Dawa nyeupe aliinywa ikaisha. Kifua kikaendelea. Sasa kilikuwa kinashuka mpaka mkono wa kushoto, anaacha mwiko anaukunjakunja mkono kama aliyeulalia. Akarudi dirishani. Dada Sweta akamwonea huruma, akasema hiyo ndiyo miaka, mama yangu, mwili nao ni gari, akampa dawa ya kuchua na vidonge vya vitamini. Mke wangu akasema angependa kumwona daktari mwenyewe. Akajibiwa kwamba daktari ni wa waliopanga foleni, na wazee hawapangi foleni. Alisema hivyo kwa upole, kama anayekuambia habari njema.

Mke wangu hakuwa mtu wa kukubali haraka. Akaenda akajipanga kwenye foleni ya kawaida, nyuma ya msichana mwenye mtoto. Mlinzi wa ukumbi akaja, akamwona mvi, akamwambia, bibi, usisumbuke kusimama, sehemu yako ni kule. Akamshika mkono taratibu kama anampeleka bibi harusi, akamrudisha dirishani. Watu kwenye foleni walimsifu yule mlinzi kwa malezi mazuri. Sijawahi kusikia mtu ametekwa kwa heshima namna ile.

Nilipoambiwa nilipandwa na hasira, nikataka kwenda. Akanizuia. Alisema wale watu hawana ubaya, na mimi nikienda nitawatemea misumari bure, atarudi mwenyewe shule zikifungwa.

Shule hazikufungwa.

Ilikuwa asubuhi, amekaa kitandani, hajabeba hata kikombe, na kifua kikamkamata. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji, uso umekuwa rangi ya majivu. Nikatoka nje nikapiga kelele kuita teksi. Jirani yetu wa nyumba ya nyuma, kijana mpaka rangi tunayemwita Brashi, alikuwa ameshapata teksi anaenda hospitali hiyohiyo. Alikuwa amepaka dari siku nzima jana yake, ameamka kifua kinamuuma akiinua mkono. Akatuambia tupande. Nakumbuka walivyokaa kiti cha nyuma, wote wawili mkono kifuani, na mke wangu akamwambia, mwanangu, leo sisi ni mapacha.

Tulifika pamoja. Tuliingia mlango mmoja. Nisikilizeni hapo vizuri. Mlango mmoja, wakati mmoja, ugonjwa mmoja wa kutamka, kifua. Mlinzi akatuangalia, akamwelekeza Brashi foleni, akatuelekeza sisi dirishani. Foleni siku hiyo ilikuwa fupi, watu wachache tu. Brashi, Mungu ambariki, alisema mama apite kwanza nafasi yake, yeye anaweza kungoja. Mlinzi akakataa. Akasema wazee wana utaratibu wao. Nikamwambia huyu mama anaumwa, humwoni? Akasema ndiyo maana ameelekezwa mahali ambapo hatangoja.

Na kweli hatukungoja. Dada Sweta alimtazama kupitia nondo, akasema pole mama yangu, leo imekupanda vibaya, akammiminia dawa nyeupe kwenye kifuniko, akamwambia anywe, akae pale kwenye kiti mpaka imtulie. Nikamwambia aite daktari. Akasema daktari ana mgonjwa ndani, na wa dirishani akimpeleka kule atasemwa yeye. Ngoja itulie, mzee wangu, akasema.

Mke wangu akakaa. Nilimfuta jasho kwa leso, na jasho likarudi. Mkono wake ulikuwa baridi. Ukuta tuliokuwa tumeegemea ndio ukuta wa chumba cha daktari, nilisikia watu wanaongea ndani.

Mlango ukafunguliwa, Brashi akatoka anafunga vifungo vya shati, anacheka kwa furaha ya mtu aliyeambiwa hafi. Akaja moja kwa moja kwetu. Akasema wamemlaza, wamembandika nyaya kifuani na miguuni, mashine ikachora, daktari akasoma, moyo ni mzima kabisa. Ni msuli tu, apumzike kupaka dari.

Mke wangu akamtazama. Akamuuliza, "Hizo nyaya zao zinauma?"

"Haziumi, mama. Ni baridi tu."

"Basi na mimi waniwekee," akasema. Akanigeukia. "Baba, waambie na mimi waniwekee."

Nikainuka. Kutoka kile kiti mpaka mlango wa daktari si mbali, mtoto anaweza kurusha jiwe kwa mkono wa kushoto likafika. Mlinzi akasimama mbele yangu. Nikamsukuma. Naye akanishika, anasema mzee tulia, mzee tusivunjiane heshima. Nyuma yangu nikasikia Brashi anaita jina lake lile la shuleni, Bi Mwiko, Bi Mwiko. Nilipogeuka alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti, na kile kifuniko cha dawa kimemwagika kwenye gauni.

Hapo ndipo daktari alipotoka. Alitoka mbio, binti mdogo kuliko wangu, akapiga magoti sakafuni, akamkandamiza kifua mpaka kilemba chake mwenyewe kikamdondoka. Alifanya kazi, siwezi kumnyima haki yake. Wakaleta na ile mashine yenye nyaya. Wakambandika. Ndiyo, waliziweka, alizoomba aliwekewa. Mashine ikachora mstari mmoja ulionyooka.

Daktari mkuu alishuka kutoka ghorofani baadaye kidogo. Alinishika bega. Akafumba macho yake, akasema, "Pole sana, mzee wangu. Ni umri. Umri ukifika, umefika."

Sitini na moja. Na yeye mwenyewe, nilikuwa karibu naye nikamwona, nywele zake zimepakwa rangi nyeusi mpaka ikagusa ngozi.

Tukazika. Shule ilileta watoto, waliimba vizuri, na sikutaka kusikia. Shemeji alikaa nami barazani siku tatu, akaniambia niache kusaga meno, kazi ya Mungu haina makosa. Nikamwambia Mungu hakukata utepe. Binti yangu akalia, akasema, baba, utajimaliza, wale watu hawafikiki, mwenye nguvu mpishe. Wote wawili wanamaanisha vizuri. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na adhabu ya kitanda kitupu naijua mimi. Nikarudi kazini, nikawa napigilia misumari kochi la watu mpaka mbao ikapasuka. Nikaweka nyundo chini, nikaenda kuuliza.

Nilitaka vitu viwili tu. Nini kilimuua, na nani alimfungia mlango.

La kwanza nilijibiwa na yule daktari binti. Nilimvizia wakati anatoka kunywa chai. Hakunikimbia. Alisema hakumwona mke wangu akiwa hai kwa hiyo hawezi kuapa, lakini kwa nilivyomweleza, kubanwa akibeba, kuachiwa akikaa, taya, mkono, jasho, karibu ana hakika ilikuwa mishipa ya moyo imeziba. Alisema ni katika mambo ya mwanzo wanayofundishwa. Angeletwa tangu siku ile ya kwanza, angemwekea nyaya, angempa dawa za moyo, angempeleka hospitali kubwa. Pengine angepona, pengine asingepona. Lakini asingepewa dawa ya gesi.

Nikamuuliza, "Sasa wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa humo ndani, baba," akasema. "Wazee hawaletwi kwangu. Nilivyoajiriwa niliukuta utaratibu uko hivyo."

Utaratibu. Neno hilo nimelisikia pale hospitalini kama mbu sikioni. Mlinzi analo, daktari analo, mfagiaji analo. Nikaanza kuutafuta huo utaratibu nione unakaa chumba gani, niushike shingo.

Nikaenda kwa Dada Sweta. Nilikwenda na moto. Nilimwambia kupitia nondo maneno ambayo mke wangu angeyasikia angenizaba kofi. Alikuwa analia tu, na machozi yake yakanizidishia hasira, maana ya kwangu yalikuwa hayajatoka. Baadaye akasema yeye si nesi. Alikuwa anapanga maboksi stoo ya dawa. Walimwita wakamwambia atakaa dirishani, magonjwa ya wazee ni matatu, viungo, tumbo na usingizi, dawa zake ni hizi. Wakamwambia asimpeleke mzee kwa daktari labda awe amebebwa, kwa sababu wazee wana hadithi ndefu, mmoja anakula muda wa vijana wanne. Ndiyo maana dirisha likatobolewa. Kumbe ile heshima yote, kile kipaza sauti, ile hazina, ilikuwa njia ya kutuondoa mlangoni tusichoshe watu.

Nikamuuliza, "Nani alikuambia hivyo?"

Akasema wakubwa. Nikasema mkubwa gani? Akasema kikao. Nikasema kikao kina mdomo? Akajifuta kwa mkono wa sweta, akasema yeye alisomewa tu, hajui nani alisema.

Nilipanda ghorofani. Siku ya kwanza daktari mkuu alikuwa kwenye mkutano. Siku ya pili alikuwa kwenye semina. Siku nyingine alikuwepo, nikasikia sauti yake, lakini karani wake akaniambia hayupo huku anatazama mlango. Nikakaa chini kwenye zulia lao, mbele ya mlango, nikatoa misumari mfukoni nikaitia mdomoni, tabia tu, mtu wa kazi akikosa la kufanya. Karani akaogopa. Daktari mkuu akatoka. Alinikaribisha kiti kizuri, mbao yake ngumu lakini kitambaa kimevutwa vibaya, fundi wake ni tapeli. Alinisikiliza amefumba macho. Akasema suala langu amelipokea, litafanyiwa kazi, ataita wazee wote na kulitolea tamko.

Nikaamini. Nilimwambia hata binti yangu, unaona, wanafikika.

Wazee tulijaa ukumbini. Walileta viti vya plastiki na kreti za soda. Daktari mkuu akaomba tusimame kumkumbuka marehemu mama yetu mpendwa, na jina lake akalikosea, akarekebishwa na mlinzi. Akasema hospitali imehuzunishwa. Akasema uchunguzi umefanyika, imeonekana mtumishi wa dirishani hakuwa makini, na kuanzia leo amesimamishwa kazi. Watu wakapiga makofi. Akafumbua macho, akanitazama, anasubiri nishukuru, kama mtu aliyekuchinjia mbuzi.

Nikainuka. Nikamwambia, "Sikuja kuomba kichwa cha Dada Sweta. Niliuliza nani aliamua kwamba pale dirishani asikae daktari."

Akasema uamuzi ulikuwa wa pamoja.

"Pamoja na nani? Nitajie mmoja tu."

Akasema mambo ya kitaalamu hayana mtu mmoja. Kabla sijamjibu, kiti kikagongwa nyuma yangu, Kipara ameinuka. Nilidhani anakuja kunishika mkono. Yule ni mtu aliyeninyoa siku ya harusi yangu.

"Misumari, pole na msiba, ndugu yangu," akasema. "Lakini usije ukatufungia dirisha. Haya magoti yangu foleni hayaiwezi tena."

Ukumbi ukaitikia, kweli, kweli. Bibi mmoja akasema yeye anapewa dawa yake ya miguu bila kusubiri, hajawahi kuona wema kama huo. Mwingine kutoka nyuma kabisa, simjui mpaka leo, akasema kafiwa na mke yeye, basi na sisi wote turudi juani? Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuona aibu.

Nikawaambia sijasema lifungwe. Nimesema akae daktari. Nimesema ukifika pale ukisema kifua, mtu anayejua kifua akuguse kifua. Niliongea sana, na najua niliwatukana, niliwaita mbuzi wanaosifia kamba. Hapo nikawapoteza hata wale wachache. Daktari mkuu akanyoosha mkono kwa upole, akasema mnaona, ndugu zangu, wazee wenyewe wanalipenda. Hoja imefungwa. Karibuni soda. Na wazee wenzangu, waliojenga nchi, wakanywa soda.

Dada Sweta nilimkuta nje ya geti na mfuko wa plastiki wenye vikombe vyake. Aliniuliza sasa watoto wake watakula nini. Nilikuwa nimeomba haki, wakanipa mtu mnyonge kuliko mimi, wakasema haya, chukua, nenda nyumbani.

Nilikaa nyumbani wiki moja. Jumatatu iliyofuata nikaenda tena. Sikuwa na mpango. Dirishani walikuwa wamemweka mtu mpya, mwanamume mwenye kalamu mbili mfukoni. Mbele yake alisimama mama mmoja mnene, ameegemea nondo, anahema. Nilikuwa nyuma yake, nikamsikia anasema anabanwa hapa akipanda ngazi, akikaa kinaachia. Yule mtu hakunyanyua hata kichwa. Mkono wake ulishakwenda kwenye chupa nyeupe.

Nikamwambia yule mama, dada yangu, acha hiyo, twende. Akaniuliza wewe ni daktari? Nikasema hapana, mimi ni fundi makochi, lakini twende. Sijui aliona nini usoni mwangu, akanipa mkono. Tukavuka ukumbi. Mlinzi akatuwahi mlangoni, akatandaza mikono. Akasema mzee, unajua utaratibu. Nikagonga mlango juu ya bega lake, nikagonga kwa ngumi, mpaka yule daktari binti akafungua. Alinitazama, akamtazama mama, akaona anavyohema. Akasema, mlete. Mlinzi akashusha mkono mmoja. Mama akapita.

Foleni yote ilikuwa imegeuka inatuangalia. Kipara alikuwepo, na chupa yake ya dawa ya magoti. Nikasikia viatu vinashuka ngazi, na daktari mkuu akatokea, safari hii macho yamefumbuka wazi. Akasema ninavuruga kazi za watu, ataniitia polisi, na huyu daktari naye atajieleza ofisini. Sikupandisha sauti. Mke wangu alikuwa anasema nikiongea polepole ndiyo naogopesha. Nikasimama mgongo wangu umeegemea mlango ule, upande wa pili namsikia daktari anamwambia mama alale, nyaya ni baridi kidogo, asiogope.

Nikamwambia, polisi waje, na nitakaa hapahapa mpaka wafike. Lakini wakati tunawangoja, mbele ya watu wote hawa, niambie jina la mtu mmoja tu, hata kama ni la kwako: ni nani aliyekaa kwenye kiti akasema mtu akifika miaka sitini asionwe na daktari?